Aliyepona Ebola akilalamika kichwa na macho, asipewe kinini tu na kurudishwa nyumbani

Katika Butembo na Beni, mtu akifika kwenye kituo cha afya akisema kichwa kinamuuma, jibu mara nyingi liko tayari kabla hajaketi: ni palu. Anatobolewa kidole, anapewa vidonge au perefizi ya kinini, anarudi nyumbani. Kwa wagonjwa wengi jibu hilo ni sahihi, maana malaria ndiyo inayojaza vitanda vya hospitali za Kivu ya Kaskazini mwaka mzima. Lakini kuna kundi moja la wakaaji wa miji hii miwili, na wa Mangina, Katwa na Mabalako, ambao kichwa chao kinastahili swali la pili. Ni wale waliopona Ebola.

Mlipuko wa kumi wa Ebola nchini Kongo ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 na kutangazwa umekwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Waliougua walikuwa 3,470, waliofariki 2,287. Zaidi ya watu 1,100 walitoka hai, wengi wao wakaaji wa maeneo ya Beni na Butembo. Walipigiwa makofi mlangoni mwa kituo cha matibabu, wakapewa cheti cha kupona, wakarudi mtaani. Magari ya Riposti yaliondoka, hoteli zikapata nafasi tena, na bei ya nyumba ikashuka. Kwa redio, Ebola ikawa imekwisha. Katika miili ya baadhi ya waliopona, haikuwa imekwisha.

Jambo la kwanza lililoonekana ni macho. Wakati wa vita na kirusi, kinga ya mwili hufanya kazi kama jeshi: hutuma askari, huwasha moto, huvimbisha mahali adui alipo. Baada ya ushindi jeshi linapaswa kurudi kambini. Kwa baadhi ya waliopona, halirudi. Linaendelea kufyatua ndani ya jicho, na jicho linakuwa jekundu, linauma, linakataa mwanga, linaona ukungu. Madaktari huuita ugonjwa huo uveiti. Usipotibiwa, huleta mtoto wa jicho na mwisho upofu, hata kwa kijana wa miaka ishirini.

Liberia ilionyesha ukubwa wa jambo hilo. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2019, waliopona Ebola 966 walilinganishwa na ndugu na jirani zao 2,350 ambao hawakuugua. Uveiti ilionekana kwa asilimia 26.4 ya waliopona, na kwa asilimia 12.1 ya wale wengine. Mwaka mmoja baadaye, waliopona wenye tatizo hilo walifika asilimia 33.3. Kwa maneno mengine, muda ulipita na ugonjwa uliongezeka. Na kisa kilichofungua macho ya madaktari duniani kilikuwa cha daktari Mmarekani Ian Crozier, aliyeambukizwa Kenema, Sierra Leone, mwaka 2014. Alikwisha kupona na kuruhusiwa kutoka hospitali ya Atlanta, damu yake ikiwa safi. Majuma machache baadaye jicho lake la kushoto likaanza kuuma, presha ndani yake ikapanda, rangi yake ikageuka kutoka bluu kuwa kijani. Maji yaliyotolewa ndani ya jicho yalikutwa na kirusi hai.

Beni haikungoja mlipuko uishe ili ijifunze. Mwisho wa mwezi wa tatu na mwanzo wa mwezi wa nne 2019, wakati kituo cha matibabu kilikuwa bado kinapokea wagonjwa, kliniki maalumu ya macho ilifunguliwa mjini humo na waliopona zaidi ya 250 walichunguzwa. Hilo halikuwa limefanyika Afrika Magharibi wakati mlipuko unaendelea. Baadaye waliopona walifuatiliwa katika kliniki za Beni, Mangina na Butembo. Ni kazi ya heshima, na iliyofanywa kwa sehemu kubwa na Wakongomani, katika miezi ambayo vituo vya Katwa na Butembo vilikuwa vinachomwa moto na kupigwa risasi.

Lakini jicho ni dirisha tu. Nyuma yake kuna nyumba, na nyumba hiyo haichunguzwi.

Fuvu la kichwa ni kasha lililofungwa. Ndani yake mna vitu vitatu: ubongo, damu, na maji meupe yanayozunguka ubongo na kushuka hadi uti wa mgongo. Maji hayo kwa mtu mzima ni kama mililita 150 kwa wakati mmoja, lakini mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku, na hunyonya kiasi hichohicho. Uvimbe ukiziba mahali pa kunyonya, au mishipa ya damu ya kichwa ikiganda, maji yanabaki ndani. Mfupa hautanuki. Kinachopanda ni presha.

Hiyo si presha ile inayopimwa mkononi. Mtu anaweza kuwa na presha ya mkono ya kawaida kabisa na kichwa kikawa kinakaribia kupasuka. Dalili zake zinajulikana: maumivu makali zaidi alfajiri au anapolala chali, kutapika, kuona vitu viwili viwili, macho kuzima sekunde chache anapoinama kuokota kitu, na sauti masikioni inayopiga pamoja na moyo. Na mshipa unaounganisha jicho na ubongo huvimba. Ukibaki umevimba kwa muda, hufa polepole, na uwezo wa kuona uliopotea kwa njia hiyo haurudi.

Chukua mfano wa mama muuza ndizi aliyepona Ebola. Kwa mwezi mzima kichwa kinamwamsha usiku. Anaenda kituo cha afya cha mtaa: palu. Anarudi: taifodi. Safari ya tatu anaambiwa, mama, pumzika, ni mawazo ya maisha. Jirani anamshauri chumba cha maombi, shemeji anataja ulozi. Siku anapoanza kugonga milango kwa sababu haoni pembeni, ndipo mtu anafikiri kuhusu macho. Hakuna mtu katika mlolongo huo aliyekuwa mbaya. Ila hakuna aliyewasha tochi na kuangalia ndani ya jicho lake.

Uveiti nayo inaweza kuvimbisha mshipa huohuo, bila presha yoyote ya kichwa. Hapa ndipo uvimbe wa kinga na presha ya fuvu vinapochanganyana. Daktari anayeona mshipa uliovimba ana maswali mawili mbele yake: je, ni moto wa ndani ya jicho, au ni presha inayotoka kichwani? Au vyote viwili? Dawa si ileile. Moto wa jicho unatulizwa kwa matone na kortizoni. Presha inashushwa kwa kutoa maji mgongoni, na katika hali fulani kwa asetazolamidi, kidonge ambacho madaktari wa macho wamekitumia miaka mingi kwa presha ya jicho. Anayebahatisha anaweza kumponza mgonjwa.

Kwa aliyepona Ebola kuna swali la tatu, lililo zito kuliko mengine: je, kirusi kimerudi?

Swali hilo lina mifano. Mwuguzi Mskoti Pauline Cafferkey alipona Ebola mwanzoni mwa 2015. Miezi tisa baadaye alirudishwa hospitali ya London akiwa na homa ya uti wa mgongo, na kirusi cha Ebola kilikutwa katika maji ya ubongo wake kwa wingi kuliko katika damu. Aliponea chupuchupu. Mwezi wa pili 2022, watafiti wa maabara ya jeshi la Marekani walieleza kuhusu nyani 36 waliopona Ebola baada ya kutibiwa kwa dawa za kingamwili. Kwa 7 kati yao, kirusi kilikuwa kimejificha katika vyumba vya maji ndani ya ubongo, na uvimbe mkali ulikuwa hapohapo, huku viungo vingine vikiwa safi. Wawili waliugua tena na kufa.

Dawa hizo si ngeni Beni na Butembo. Ndizo zilizojaribiwa katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina kuanzia mwezi wa kumi na moja 2018, chini ya timu ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, kwa wagonjwa 681. Moja, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995. Ziliokoa maisha ya watu wengi ambao bila hizo wangekuwa makaburini, na hakuna sababu ya kuzisema vibaya. Lakini kingamwili ni molekuli kubwa, haipenyi kirahisi ukuta unaolinda ubongo na jicho. Damu inasafishwa, na vyumba vya nyuma vinaweza kubaki na mgeni.

Eneo hili limelipia somo hilo. Mwaka 2019, kijana mmoja aliyechanjwa, kisha akaugua na kutibiwa kwa kingamwili hadi akapona, aliugua tena baada ya takriban miezi sita na kufariki. Uchunguzi wa jeni uliunganisha kurudi kwa ugonjwa wake na wagonjwa 91. Mwezi wa pili 2021, mlipuko uliotokea Biena na Butembo ulianza na mwanamke ambaye mume wake alikuwa amepona Ebola: wagonjwa 12, vifo 6. Mwezi wa nane 2022, mwanamke mwingine alifariki hospitali kuu ya Beni, na kirusi chake kilikuwa ni cha ukoo uleule wa 2018.

Kwa hiyo, kumchunguza vizuri aliyepona anayelalamika kichwa ni huduma kwake, na ni ulinzi kwa mtaa wake. Hapo lakini pana hatari nyingine, na lazima isemwe waziwazi. Waliopona wamebebeshwa mengi. Kuna waliofukuzwa na wenye nyumba, kuna walioachwa na wachumba, kuna ambao sokoni watu hawataki kugusa pesa zao. Ukiwaambia wakaaji kwamba kichwa cha aliyepona kinaweza kuwa Ebola, kesho mtu atameza Parasetamoli kimyakimya kuliko kwenda hospitali, na hilo ndilo litakaloleta maafa. Ugonjwa kurudi ni jambo la nadra sana. Uvimbe wa kinga bila kirusi chochote hai ni wa kawaida zaidi, na hauambukizi mtu yeyote. Na aliyepona anaweza pia kuwa na palu, kama kila mtu. Anachodai si kutengwa. Anadai apimwe malaria kama wengine, na kipimo kikiwa safi au dawa zikishindwa, uchunguzi usiishie pale.

Na usemwe ukweli mwingine: hospitali zikijifunza kuangalia presha ya kichwa, watakaofaidika zaidi si waliopona Ebola peke yao. Kifua kikuu cha uti wa mgongo hupandisha presha hiyo. Kuvu ya kriptokoko inayowashika wenye VVU hufanya vivyo hivyo, na hata kinga inapoamka baada ya kuanza dawa za VVU, huweza kuwasha moto upya kichwani. Mwanamke kijana mwenye lupusi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, anaweza kupata mgando wa damu katika mishipa ya kichwa. Wote hao wanafika mlango uleule, wakiwa na neno lilelile: kichwa.

Jambo la kortizoni linahitaji ukali kidogo. Katika famasia za miji hii, deksametazoni na predinizoloni zinauzwa kama pipi. Wengine wanazimeza ili wanenepe, wengine ili viungo visiume, wengine wanazipaka usoni kwa njia ya pomadi za kung'arisha ngozi. Aliyepona Ebola mwenye maumivu ya viungo, na wako wengi, atapewa na mwuza dawa bila swali. Anasikia nafuu kwa juma moja, kwa sababu kortizoni kweli inazima uvimbe. Lakini pia inaficha dalili, inapandisha presha ya jicho, inainyamazisha kinga ambayo pengine inapambana na kitu cha kweli, na mtu akiikata ghafla baada ya muda mrefu, presha ya fuvu inaweza kupanda. Doksisiklini nayo, inayotolewa ovyo kwa kila kikohozi na kila kuwashwa, kwa baadhi ya watu hupandisha presha hiyo. Wakaguzi wa famasia wapo kwenye karatasi. Ingefaa waonekane pia barabarani.

Watu wa wizara watajibu kwamba hospitali za Beni na Butembo zina mambo makubwa zaidi: majeruhi wa mashambulizi ya ADF, wahamaji waliojaa katika familia za watu, surua, kipindupindu, madawa yasiyofika. Hoja hiyo ni ya kweli, na ingeshinda kama kilichoombwa kingekuwa skana katika kila hospitali na daktari wa ubongo katika kila mji. Kinachoombwa ni kidogo zaidi. Kifaa cha kuangalia nyuma ya jicho kilivumbuliwa na Mjerumani Hermann von Helmholtz mwaka 1851. Cha leo ni tochi yenye lenzi inayoingia mfukoni na inayotumia betri. Tone moja la kupanua mboni, chumba chenye giza, na daktari aliyezoeshwa. Presha ya maji ya mgongo inapimwa kwa mrija: yakipanda zaidi ya sentimita 25 kwa mtu mzima, ni nyingi mno. Mahali ambapo mrija wa kiwanda haupo, mpira safi wa perefizi na rula vimetumika.

Kazi ngumu iko kwa watu, si kwa vifaa. Sindano ya mgongo inaogopwa. Familia nyingi zinaamini inapoozesha au inaua, kwa sababu mara nyingi hufanywa mgonjwa akiwa amekwisha kuzimia, kisha akifa lawama inaangukia sindano. Na kweli haifanywi kiholela: ikiwa ndani ya kichwa kuna uvimbe mkubwa au jipu, kutoa maji kunaweza kuuangusha ubongo chini. Ndiyo maana jicho linaangaliwa kwanza, mgonjwa anapimwa nguvu za mikono na miguu, na wenye shaka wanapelekwa mahali penye skana. Kwa aliyepona Ebola, anayetoa maji hayo avae glovu mbili, kinga ya uso na kanzu, na sampuli ipelekwe maabara yenye uwezo wa kutafuta kirusi. Wauguzi wa Beni na Butembo wanajua kuvaa na kuvua mavazi hayo kuliko wauguzi wengi wa dunia. Walijifunza kwa miaka miwili, wengine wakizika wenzao. Kuacha ujuzi huo uote kutu ni uharibifu wa mali.

Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kule Butembo, kinafundisha udaktari. Hakuna sababu mwanafunzi amalize mafunzo yake ya hospitali bila kuwa ameangalia nyuma ya macho mia moja. Wizara nayo iandike katika mpango wa ufuatiliaji wa waliopona mstari mmoja ulio wazi: maumivu ya kichwa yanayodumu, au macho yanayobadilika, yanamaanisha kuchunguzwa nyuma ya jicho siku hiyohiyo, bila malipo. Gharama ya usafiri wa mgonjwa anayepelekwa mbali iwekwe humo pia, maana huko ndiko familia zinakovunjika.

Kwani kwenda mbali kumekuwa jambo jingine kabisa. Zamani mgonjwa wa Butembo mwenye uwezo alipanda gari kwenda Goma. Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa M23 mwezi wa sita 2024, Goma ikafuata mwezi wa kwanza 2025, na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Sasa njia inayobaki kwa wengi ni kushuka Kasindi, kuvuka mpaka na kuendelea hadi Kampala, kwa barabara ambayo ADF wamewahi kuimwagia damu. Familia inauza shamba la kahawa au kiwanja, inabadilisha franga kuwa dola na dola kuwa shilingi, ili tu mtu wa huko amwangalie mgonjwa kwenye jicho na kusema jambo ambalo lingeweza kusemwa hapa, majuma manane mapema.

Wakati Wizara inajadili, yako ambayo aliyepona anaweza kuyafanya leo. Aende hospitali kuu ya eneo lake la afya, au kliniki ya waliopona kama ya kwake bado inafanya kazi, na si famasia ya pembeni. Afike na cheti chake cha kupona, na aseme mwenyewe kwamba aliugua, hata kama foleni inasikiliza. Akiona haya, aombe kuongea na muuguzi pembeni. Ataje dawa zote alizomeza, hata zile za kunenepa. Aeleze kichwa kinauma saa ngapi, na kama kinazidi akilala. Afunike jicho moja, kisha jingine, aone kama yote mawili yanasoma sawasawa. Na akiambiwa ni palu kabla damu haijapimwa, aulize kwa upole: daktari, nyuma ya macho yangu umeangalia?